Kisukari cha Mimba: Neno, Saa na Namba katika Kumbukumbu za Wajawazito

Isingiro ni kata mojawapo ya Wilaya ya Kyerwa katika Mkoa wa Kagera, Tanzania. Hadi mwaka 2012 kata hiyo ilihesabiwa katika Wilaya ya Karagwe, kwa maana Kyerwa ilikuwa haijatengwa bado. Ng'ambo ya Mto Kagera, katika nchi ya Uganda, iko wilaya nzima yenye jina hilo hilo la Isingiro, nayo ilimegwa kutoka Mbarara. Basi karani wa kumbukumbu za hospitali akisoma kwamba mama fulani ni "mtu wa Isingiro" hajajua bado kama ni wa nchi hii au ya jirani. Na akisoma "Isingiro, Karagwe" hana budi kutazama kwanza tarehe ya maandishi, ndipo amhesabu mama huyo katika wilaya inayomhusu. Jina ni sahihi, wala hapana aliyekosea katika kuliandika. Lakini jina peke yake halitoshi.

Taabu ya namna hiyo, ila yenye madhara makubwa zaidi, imo katika maandishi yanayohusu kisukari cha wanawake wajawazito. Makala haya yanaeleza jinsi ugonjwa huo unavyoandikwa na kupewa namba katika mfumo wa kimataifa, na kuonyesha mahali ambapo Kiswahili cha kliniki, kikitumiwa bila hadhari, chaweza kuipotosha namba hiyo. Jambo hili ni la waganga na wauguzi, lakini ni la wataalamu wa lugha vile vile, kwa sababu makosa yenyewe ni ya maana za maneno.

Njia ya habari

Mwanamke wa Isingiro aghalabu huzungumza Kinyambo nyumbani kwake. Katika Kinyambo, na katika lugha jirani za Kihaya na Kinyankore, mimba huitwa enda, neno ambalo asili yake ya Kibantu ni tumbo. Afikapo kliniki huulizwa maswali kwa Kiswahili. Kadi yake ya wajawazito imechapwa kwa Kiswahili, na kisukari ni mojawapo ya mambo ya hatari yanayoulizwa humo. Lakini jina la ugonjwa uliotambuliwa daktari huliandika kwa Kiingereza, na mara nyingi kwa herufi za kifupisho. Kisha habari huingia katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioenezwa nchini Tanzania katika miaka ya 1990. Kitabu cha 6 ni cha wajawazito, cha 12 ni cha wodi ya wazazi, na cha 13 ni cha mama na mtoto baada ya kujifungua. Mwisho wa safari jina la ugonjwa hugeuzwa kuwa msimbo, yaani herufi na tarakimu zinazotumiwa kwa takwimu na kwa madai ya bima.

Hivyo habari moja hupita katika lugha tatu kabla ya kufika kwenye namba. Kila lugha ina nafasi ya shaka: msemaji aweza kusema "labda", "karibu", "nadhani". Namba haina nafasi hiyo. Shaka iliyokuwamo katika neno haiondolewi na msimbo. Hufichwa tu, na asomaye takwimu mjini hana njia ya kuiona.

Namba ya ugonjwa

Uainishaji wa kimataifa wa magonjwa ulianza kama orodha ya sababu za vifo, ambayo Jacques Bertillon wa Ufaransa aliitoa mwaka 1893 katika mkutano wa wanatakwimu huko Chicago. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani lilikabidhiwa kazi hiyo, na kuanzia toleo la sita orodha ikawa ya magonjwa pia, si ya vifo tu. Toleo la kumi lilipitishwa mwaka 1990. Toleo la kumi na moja lilipitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika rasmi Januari 1, 2022, ingawa nchi nyingi huhamia humo polepole.

Katika toleo la kumi, kisukari cha kawaida kimo katika herufi E, namba 10 hadi 14. Lakini mwanamke akiwa mjamzito huondolewa katika kundi hilo na kuingizwa katika herufi O, ambayo ni ya mimba, uzazi na siku zinazofuata. Namba yake ni O24, na tarakimu iliyo baada ya nukta ndiyo yenye uzito. O24.0 ni kisukari cha aina ya kwanza kilichokuwapo kabla ya mimba, O24.1 ni cha aina ya pili kilichokuwapo kabla, O24.2 ni kile kilichodhaniwa kutokana na utapiamlo, O24.3 kilikuwapo kabla, lakini aina yake haikuelezwa. O24.4 ni kisukari kilichozuka katika mimba yenyewe. O24.9 ni cha mwandishi ambaye hakueleza lo lote kati ya hayo.

Marekani wameirefusha orodha hii kwa matumizi yao. Kwao O24.410 ni kisukari kilichozuka katika mimba na kudhibitiwa kwa chakula tu, O24.414 ni kilichodhibitiwa kwa insulini, na O24.415 ni kilichodhibitiwa kwa dawa za kumeza. Katika toleo la kumi na moja la kimataifa, O24.4 imekuwa JA63.2. Mgawanyo ule wa utapiamlo uliachwa na Shirika la Afya Duniani katika uainishaji wa kisukari wa mwaka 1999, lakini Aprili 2025, katika mkutano uliofanyika Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliutambua tena kwa jina la aina ya tano. Majina ya magonjwa, basi, hayakukaa imara hata kwa wenyewe walioyatunga.

Pamoja na mabadiliko hayo yote, swali moja halikubadilika: je, ugonjwa ulikuwapo kabla ya mimba, au umezuka ndani yake? Jibu lake hubadili matunzo ya mama na huandama hata msimbo wa mtoto. Mtoto mchanga aliyedhurika kwa kisukari kilichozuka katika mimba ya mama yake hupewa P70.0, yule ambaye mama yake alikuwa na kisukari tangu kabla hupewa P70.1.

Kiungo -a na maana zake

Kiswahili kina majina mengi kwa ajili ya hali hii: kisukari cha mimba, kisukari cha ujauzito, kisukari wakati wa ujauzito, kisukari kwa wajawazito. Neno kisukari lenyewe ni jipya kwa maana lakini si geni kwa umbo; limefuata njia ya kifafa, kichocho, kifaduro, kiharusi na kipindupindu, ambayo yote ni magonjwa ya ngeli moja. Tatizo haliko katika jina hilo. Liko katika kiungo -a kinachofuata.

Kiungo hicho, kama wajuavyo wanasarufi, hakina maana moja. Katika "ugonjwa wa moyo" chaonyesha mahali. Katika "homa ya malaria" chaonyesha aina ya homa. Katika "kichaa cha mbwa" chaonyesha asili, kwa kuwa anayeugua ni mtu na mbwa ndiye aliyemletea. Kwa hiyo mtu asomaye "kisukari cha mimba" aweza kufahamu kisukari kilicholetwa na mimba, au kisukari cho chote kimpatacho mwenye mimba. Karani akifuata maana ya kwanza ataandika O24.4. Akifuata ya pili hana haki ya kuandika zaidi ya O24.9.

Hata hivyo Kiswahili chenyewe kina mfano uliokwisha kuamua jambo hili, nao ni "kifafa cha mimba". Wakunga na wauguzi wote wajua kwamba kifafa cha mimba si kifafa kilichomkuta mgonjwa wa kifafa akiwa mjamzito. Ni ugonjwa mwingine, unaoletwa na hali ya mimba pamoja na shinikizo la damu, na namba yake ni O15. Mwanamke mwenye kifafa cha siku zote aliyeshika mimba huandikwa kwa njia nyingine kabisa, yaani O99.3 pamoja na G40. Hapa kiungo -a kimepata maana moja tu, ile ya asili, na hapana muuguzi anayechanganya.

Yafaa kisukari kifuate njia hiyo hiyo. Jina "kisukari cha mimba" liwekwe kwa ugonjwa uliozuka katika mimba peke yake. Ule uliokuwapo tangu kabla usemwe kwa maneno marefu zaidi lakini yasiyo na shaka: "mjamzito mwenye kisukari cha tangu kabla ya mimba", na aina yake itajwe ikijulikana.

Kuna sababu ya kuchagua mimba badala ya ujauzito katika jina hili. Ujauzito ni neno la heshima, na lafaa sana katika mazungumzo na mama mwenyewe. Lakini ujauzito ni jina la hali, na majina ya hali hayahesabiki vizuri. Mimba huhesabika: ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kliniki zote huuliza "mimba ya ngapi?" Kwa sababu hiyo "kisukari cha mimba ya pili" ni maneno mepesi, nayo humwonyesha asomaye kwamba ya kwanza haikuwa nacho. Ugonjwa ambao waweza kurudi katika mimba nyingine wahitaji jina linalokubali hesabu.

Saa mbili ni saa ngapi?

Kosa la pili ni gumu kuonekana, kwa kuwa limo katika neno ambalo kila Mswahili hulitumia kutwa. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, kisukari cha mimba hutambuliwa kwa kipimo cho chote kimoja kati ya hivi: sukari ya damu ya milimoli 5.1 hadi 6.9 kwa lita kabla mama hajala, au 10.0 na zaidi saa moja baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, au 8.5 hadi 11.0 saa mbili baada ya kuinywa. Kikifika 7.0 kabla ya kula, au 11.1 saa mbili baada ya glukosi, huhesabiwa kuwa kisukari kamili kilichoonekana katika mimba.

Sasa yachukuliwe maandishi haya: "Sukari, saa 2: 6.0". Msomaji mmoja atafahamu kwamba mama alipimwa saa mbili asubuhi, kabla hajafungua kinywa. Kwa ufahamu huo 6.0 imepita 5.1, na mama ana kisukari cha mimba. Msomaji wa pili atafahamu kwamba alipimwa baada ya muda wa saa mbili tangu kunywa glukosi. Kwa ufahamu huu 6.0 iko chini sana ya 8.5, na mama hana neno. Wote wawili wamesoma Kiswahili sanifu, kwa sababu katika Kiswahili saa ni wakati wa siku na ni muda pia. Lugha ambayo huhesabu asubuhi kuanzia mapambazuko huiweka saa mbili mahali pale pale ambapo wajawazito hupanga mstari wa kupimwa bila kula.

Dawa yake ni ndogo. Muda uandikwe kwa dakika: "dakika 120 baada ya glukosi". Wakati wa siku uandikwe pamoja na sehemu ya siku: "saa 2 asubuhi". Tena kizio kisiachwe, kwa maana vipimo vingine husoma miligramu kwa desilita, ambamo 5.1 huwa 92.

Kula na kunywa

Kosa la tatu latokana na swali. Muuguzi humwuliza mama, "Umekula?" Mama hujibu, "Sijala," naye asema kweli. Lakini katika Kiswahili chai hunywewa, hailiwi. Na uji hunywewa vile vile. Mwanamke aliyetoka nyumbani mapema, akatembea mwendo mrefu hadi kituo cha afya baada ya kikombe cha chai ya sukari, hakula. Kwa desturi ya nchi ya migomba, aweza hata kuona kwamba mtu hajala mpaka ameona ndizi sahanini. Muuguzi huandika "hajala", na kipimo huhukumiwa kwa kigezo cha mtu aliyekaa bila kitu usiku kucha. Mama hupewa ugonjwa asio nao.

Neno "kufunga" nalo halisaidii sana, kwa kuwa wengi hulifahamu kwa maana ya ibada. Swali lililo bora ni lile linalotaja vitendo viwili na kuondoa kimoja tu: "Tangu jana usiku umekula au kunywa kitu cho chote isipokuwa maji?" Kwa mama asiyezoea Kiswahili swali hilo laweza kutafsiriwa kwa Kinyambo mara moja na kuandikwa, ili kila muuguzi asilitunge upya kwa namna yake. Kazi ya namna hiyo haianzi patupu, kwa maana J. M. Rugemalira wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amekwisha kutoa msamiati wa Runyambo pamoja na Kiswahili na Kiingereza (2002).

Kadhalika "sukari kwenye mkojo" isigeuzwe kuwa kisukari. Katika mimba figo huweza kuipitisha sukari hata kwa mwanamke mzima wa afya. Ni dalili ya kuagiza kipimo cha damu, wala si jina la ugonjwa. Usemi wa watu "ana sukari" hauna mpaka huo: kwa neno moja hutaja kitu, kipimo na maradhi.

Hasara yake

Huenda mtu akauliza kama tofauti ya tarakimu moja yastahili taabu hii yote. Jibu limo katika miezi inayofuata uzazi. Kisukari cha mimba kwa kawaida huondoka mtoto akiisha kuzaliwa, kwa sababu vichocheo vya kondo la nyuma vilivyoizuia insulini kufanya kazi yake vimeondoka. Mama hujiona mzima, naye ni mzima. Lakini uchunguzi uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi, uliochapwa katika jarida la Lancet mwaka 2009, ulionyesha kwamba hatari yake ya kupata kisukari cha aina ya pili baadaye ni zaidi ya mara 7 ya mwanamke ambaye hakuwa nacho. Kwa hiyo atakiwa apimwe tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, na kuendelea kuangaliwa kwa miaka.

Atakayemwita kwa kipimo hicho ni maandishi. Akiwa ameandikwa kwa E11, yaani kisukari cha kawaida cha aina ya pili, atahesabiwa mgonjwa wa maisha na huenda akapewa dawa asizozihitaji. Akiwa ameandikwa O24.9, hapana ajuaye la kumfanyia. Akiwa ameandikwa "sukari ilipanda" tu, hatahesabiwa kabisa. Na atakaporudi na mimba nyingine, muuguzi akimwuliza "Una kisukari?" atajibu "Sina", na jibu litakuwa la kweli. Swali lilitakiwa liwe "Uliwahi kuambiwa una kisukari katika mimba yo yote?" Hapo ndipo ingeandikwa historia ya matatizo ya mimba zilizopita. Katika Kiswahili -wahi ndilo neno linalobeba historia hiyo. Lisipoulizwa, historia hubaki kwa mama peke yake.

Hasara ni ya taifa pia. Utafiti wa Akwilina Mwanri na wenzake, uliochapwa mwaka 2014, ulipata kisukari cha mimba kwa wanawake 8.4 kwa mia mjini na 1.0 kwa mia vijijini Tanzania. Ili ijulikane kama vijiji vya Kyerwa na Karagwe vinaelekea kwenye hesabu ya mjini, lazima namba za kila mwaka ziwe na maana ile ile. Nazo hubadilika hata vigezo vinapobadilika. Kwa kigezo cha mwaka 1999, mama mwenye 8.0 saa mbili baada ya glukosi alikuwa mgonjwa, kwa kuwa mpaka ulikuwa 7.8, kwa kile cha 2013 si mgonjwa. Mwenye 5.5 kabla ya kula hakuwa mgonjwa kwa cha kwanza, naye ni mgonjwa kwa cha pili. Kwa hiyo kigezo nacho kiandikwe. Tena Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeongeza uzito wa jambo hili, kwa sababu kadiri bima inavyoenea ndivyo matibabu ya wengi zaidi yatakavyolipwa kwa kufuata kilichoandikwa.

John Hanning Speke alipofika kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe, mwaka 1861, alimpima kwa utepe mwanamke mnene wa jamaa ya mfalme, na vipimo hivyo vimo katika kitabu chake cha mwaka 1863. Mkono umo, kifua kimo, paja limo. Vilipimwa kwa uangalifu, lakini hapana kimoja kilichokuwa na faida kwa mwanamke aliyepimwa. Kumbukumbu ya kliniki yatakiwa iwe kinyume cha hiyo: ipimwe na kuandikwa kwa ajili ya aliyepimwa.

Mambo yanayotakiwa ni machache. "Kisukari cha mimba" kiwe na maana moja, kama kilivyo kifafa cha mimba. Muda uandikwe kwa dakika. Swali la kula litaje na kunywa. Swali la historia litumie -wahi. Vyombo vinavyoshughulika na istilahi za Kiswahili vikishirikiana na wauguzi wa wilaya kama Kyerwa na Karagwe, maneno hayo yaweza kuwekwa katika kadi ijayo pasipo gharama kubwa, na mama wa Isingiro aliyejifungua salama akaitwa tena kupimwa kwa wakati wake.